Mshika Tochi

Watu saba leo, kamera kumi na moja.
Nimewaandika kwenye daftari, hapo langoni Kiomoni,
kwa sababu pango halihesabu;
ukiingia saba ukatoka sita, lenyewe halina habari.

Chunga kichwa, nasema. Chunga kichwa.
Miaka kumi na tisa nalisema neno hilo
hata usingizini, Mwantumu ananigeuza ubavu:
"Semboja, humu hamna mwamba. Lala."

Nawaonyesha ninacholipwa kuonyesha:
meli iliyoganda ukutani, mamba wa jiwe asiye na meno,
chungu cha mizimu na chupa za marashi za watu
walioomba mtoto, walioomba kazi,
na yule aliyeomba mume arudi.
(Namjua. Mume alirudi. Sasa anaomba aondoke.)
Nawasimulia mbwa aliyeingia hapa
akatokea, wasema wasemao, mbali huko kwenye theluji.
Siapi. Mbwa mimi sikumwona.

Wa mwisho kwenye mstari ni Sigruni,
mama wa makamo, viatu vizito kama vya mpiga zege,
atoka kisiwa cha kaskazini ambako ardhi, anasema,
haijamaliza kupikwa.
Kazi yake huko ni hii yangu:
kuongoza wageni wapige picha
mvuke unaofuka kutoka chini ya majani,
na kuwaambia wapi wasikanyage.
Alipokuwa msichana mlima ulipasuka nyuma ya zizi la kondoo;
asubuhi kukawa na jiwe ambalo jana halikuwapo.
"Kule kuna mawe nimeyazidi umri," akacheka,
"nayaamkia kwa mazoea tu."

Nikamwambia, weka kiganja hapa.
Huu mchirizi ni kombe. Huo hapo, chaza.
Jiwe letu sisi si moto, mama. Ni bahari
iliyokaa kitako ikasahau kuinuka.
Akanyamaza. Akapitisha kidole, akakilamba
kama mpishi anayeonja chumvi.

Kwenye ukumbi mkubwa huzima tochi.
Ndiyo sehemu wanayolipia bila kujua:
giza lisilo na nyota, lisilo na mkono wako mwenyewe.
Siku zote mmoja huchekacheka,
mwingine hushika begi la mwenzake.
Yeye alishusha pumzi tu, kama mtu aliyevua viatu.
"Hili nalijua," ikasema sauti yake. "Kwetu ni Desemba."

Nikabonyeza kuwasha. Tochi ikagoma.
Mawe yamekufa. Betri, huku kwetu, twaziita mawe.
Nikatoa mengine mfukoni, yakaniponyoka,
yakabingirika yakaenda kujichanganya na ndugu zao
wasiojua kuwaka.
Miaka kumi na tisa! Aibu ikanichoma masikio.
Tukapiga magoti sote wanane, waliolipa na aliyelipwa,
tukipapasa mavi ya popo.
Yeye ndiye aliyeyaokota.
Akaniwekea kiganjani, moja, halafu la pili,
polepole, kama arudishaye deni la watu.

Nje, jua likienda zake nyuma ya mikonge,
wakasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu.
Popo wakaanza kumwagika.
"Juu kidogo, Bwana Semboja. Kushoto. Usitikisike."
Hiyo ndiyo nafasi yangu kwenye picha za watu:
mimi ni ule mwanga unaotoka pembeni.

Masika yamekaza, barabara ya Kiomoni ni uji,
ndipo picha ikaingia kwenye simu ya mwanangu Hoza.
Pango limo, lakini kwa mbali.
Popo wamo, mabaka tu, kama kahawa iliyomwagika.
Katikati, mkono ulioshika tochi,
mishipa imetutumka, bega limekatwa na ukingo wa picha.

Mwantumu akavaa miwani.
"Kovu la kisu cha mkonge hili. Wewe huyu."
Akaisogeza karibu na taa, akaitazama
muda mrefu kuliko anavyonitazama mimi.
"Umepigwa picha mpaka Ulaya," akasema,
"na kucha hukukata."